Lori la Harusi Halikujazwa Upepo

"Na usiniletee habari za haraka! Haraka ya nani? Ufuta una haraka? Ufuta ushakatwa, ushakauka, ushatiwa guniani, hauna mke anayeusubiri nyumbani. Mwenye haraka ni wewe, na atakayelala mtaroni ni wewe. Zima injini ushuke!"

Abbashar alikuwa kasimama mbele ya lori, paipu ya upepo kaitupia begani, macho mekundu kwa vumbi na hasira. Dereva kule juu kwenye kiti alishachoka kubishana.

"Wallahi we Abbashar kichaa. Nimekuja unizibie pancha, sikuja kuposa hapa. Maswali yote ya nini?"

"Ungekuja kuposa hata maji nisingekupa. Nimekuuliza, umebeba nini na unaenda wapi?"

"Magunia ya ufuta, naenda Kosti. Haya, roho yako imetulia?"

"Haijatulia. Umetoka mchangani na upepo wa mchangani, sasa unapanda lami na magunia mpaka mbinguni. Hutoki hapa."

Na kweli hakutoka mpaka matairi yote yalipojazwa. Madereva walikuwa wanamtukana, wanampigia honi, wanamwita mke wa pili, lakini walikuwa hawatoki. Banda lake lilikuwa ukingoni mwa mji wa Um Ruwaba, pale njia ya mchanga inayotoka vijijini kaskazini inapokutana na lami. Banda lenyewe magunia na mabati tu, mtungi wa maji ya wapita njia, na kompresa inayokohoa kama mzee wa sigara. Lakini kila lori lililotoka mchangani lilipita hapo, na kila lori lilikutana na maswali yale yale mawili, umebeba nini, unaenda wapi.

Maana mchanga una upepo wake na lami ina upepo wake, na mzigo nao una wa kwake. Ukiingia mchangani na tairi gumu, unajichimbia kaburi, tairi linakata chini kama kisu kwenye siagi. Kwa hiyo dereva anatoa upepo mpaka tairi linalala, linatanda, linavimba ubavuni kama shavu la mtu anayetafuna, na hapo lori linaelea juu ya mchanga hata kama limejaa karanga. Sawa. Kule mchangani unakwenda pole pole, tairi halina neno. Ila ukishapanda lami, lazima urudishe ule upepo, na urudishe kwa kadiri ya ulichobeba. Ukiwa mtupu, jaza kidogo, ukijaza sana lori linarukaruka na breki hazishiki. Ukiwa na mzigo, jaza mpaka tairi lisimame.

Dereva akimbishia, Abbashar alikuwa anachukua kipande cha waya, anakikunja na kukinyoosha, anakikunja na kukinyoosha, haraka haraka, halafu anamgusisha shingoni.

"Aaah! Umeniunguza, mwanaharamu!"

"Ndivyo ubavu wa tairi lako unavyofanya kwenye lami. Unakunjwa na kunyooshwa kila tairi likizunguka. Nje huoni kitu. Ndani kunaungua."

Hivyo ndivyo alivyoishi. Wengine walimpenda, wengine walikuwa wanatoka kwake na kutema mate dirishani, ila hakuna aliyemdharau.

Mtu wenu huyu hakusoma. Baba yake alikwenda Libya kutafuta maisha na habari zake zikaishia huko. Mama yake, Hajja Batul, akabaki na wanawe wawili wa kiume, Abbashar na mdogo wake Tayfur. Abbashar akaacha shule akaenda kukaa na mapancha. Mikono yake ikawa myeusi mpaka kwenye kucha, hata akioga Ijumaa weusi hautoki. Meno yake yakaoza, viatu vyake vikaoza, akamnunulia Tayfur viatu. Tayfur akakua mrefu, msafi, mcheshi, akafungua kimeza cha kutengeneza simu sokoni. Watu wa sokoni walimpenda yule kijana kwa mdomo wake.

"Kaka yangu," alikuwa anasema, "akija kulala kwako anapima kwanza upepo wa mto."

Abbashar alikuwa anamtukana, lakini anacheka. Kwa Tayfur tu ndipo alipokuwa anacheka. Mwenyewe hakuoa. Alisema aoe kwanza mdogo, yeye atafuata. Nani asiyejua mtu wa namna hiyo hafuati kamwe?

Basi Tayfur akampata Rawda, binti wa kijiji kimoja upande wa mashariki. Nikahi ikafungwa msikitini mapema, kama inavyofungwa kwetu, wanaume kwa wanaume, tende zikaliwa, kwa hiyo kisheria alishakuwa mkewe. Ikabaki seera, siku bwana harusi anapelekwa kwa bibi harusi na watu wake wote, kwa malori na ngoma, na huko ndiko ndoa inakoingia ndani. Ikapangwa baada ya mavuno ya karanga.

Asubuhi ya siku hiyo Hajja Batul alimwita Abbashar uani. Alikuwa anafukiza ubani kwenye chetezo.

"Mwanangu, baba yenu hayupo."

"Najua, yumma."

"Mwenye kumfikisha Tayfur ni wewe. Umtoe hapa mzima, umfikishe kwao Rawda mzima. Hilo tu nalitaka kwako maisha yangu yote. Mengine yote ushanipa."

"Nitamfikisha."

Alisema hivyo, na alikuwa na maana hiyo.

Mchana lori likaja. Lilikuwa la mjomba wao, Karamallah, kaka wa Hajja Batul, dereva wa siku nyingi, mtu wa kifua mbele. Lori alilitoa bure, hata mafuta hakuomba. Alikuwa ametoka nalo mchangani tupu, moja kwa moja, bila kupita bandani, akaliegesha mbele ya nyumba huku anapiga honi na wanawake wanamjibu kwa vigelegele.

Abbashar alitoka mlangoni na jalabiya nyeupe mpya, kilemba cheupe, manukato. Jicho lake likaanguka kwenye matairi kabla halijaanguka kwenye uso wa mjomba. Yamelala. Yamevimba ubavuni. Upepo wa mchangani, tena wa lori tupu.

Kijiji cha Rawda unakifikiaje? Unashika lami kwanza, kipande kirefu, ndipo unakata kushoto uingie mchangani.

Abbashar akawaangalia watu. Walishaanza kupanda. Chini kwenye bodi vilikuwa vimepangwa vitu vya kupeleka kwa bibi harusi: magunia ya sukari, magunia ya vitunguu, madebe ya mafuta, masanduku ya nguo, kitanda cha mbao nzito na kabati lake. Nyuma kondoo wamefungwa. Juu ya vyote hivyo mazulia, na juu ya mazulia watu. Shangazi, binamu, majirani, wanawake wa mtaa mzima na nguo zao za rangi, vijana wamekaa kwenye kingo za bodi miguu nje, wengine wamesimama wameshikana viuno. Na wengine bado wanakuja mbio kutoka uchochoroni, wanavutwa mikono juu.

Akaanza kuhesabu. Hakukusudia, kidole tu kilinyanyuka chenyewe, kama kinavyonyanyuka kwa magunia.

Shangazi yake Medina, yule mwenye ngoma, alimwona.

"Jamani! Anatuhesabu! Abbashar anatuhesabu!"

Lori zima likapiga kelele.

"Masha-Allah semeni! Semeni Masha-Allah haraka!"

"Anataka kutupiga jicho siku ya harusi ya mdogo wake!"

"Teremsha kidole hicho, we mtoto! Sisi kondoo?"

"Shangazi, sihesabu. Natazama tu."

"Unatazama wake za watu waliokaa lorini? Hiyo ndiyo mbaya zaidi!"

Wakacheka mpaka ngoma ikadondoka. Abbashar akainamisha uso. Kwetu watu wa harusi hawahesabiwi. Ukihesabu, jicho linaingia kwa idadi, mmoja anapungua. Na mwanamume mwenye adabu hainui macho kuangalia lori la wanawake. Kwa hiyo yule mtu ambaye hakuna gunia lililompita bila kuulizwa, alisimama pale hajui lori limebeba kiasi gani, na hana ruhusa ya kujua.

Akamwendea mjomba.

"Mjomba, nipe muda kidogo tupite bandani. Hayo matairi yamelala."

"Yamelala kwa sababu nilikuwa mchangani, na mchangani narudi. Unataka ujaze hapa, halafu nifike kule nikae kutoa? Na wakwe wanasubiri?"

"Kabla ya mchanga kuna lami. Na lori lina mzigo."

Mjomba akamtazama.

"Mzigo? Uko wapi mzigo?"

"Nasema..."

"Mama yako mdogo aliyekaa pale ni mzigo? Majirani waliokulea ni mzigo? Hawa umewapokea getini kama wageni, sasa unawaita mzigo?"

"Astaghfirullah, mjomba, sikusema hivyo."

"We Abbashar, lori hili nimelitoa kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Sijaomba hata soda. Ukitaka kuniaibisha mbele za watu sema, niwashushe, nirudi kwangu nikalale."

Kutoka juu mtu akapaza sauti: "Mpimeni na yeye upepo, kichwa kimejaa sana!"

Wakacheka tena. Tayfur alikuwa ndani ya kebini, upande wa dirisha, mikono imekolea hina, hilali ya dhahabu imefungwa kwenye paji la uso, hariri nyekundu kwenye kifundo cha mkono, fimbo ya bwana harusi mapajani. Akatoa kichwa dirishani.

"Kaka, leo nisamehe. Tangu juzi sijala kwa woga, sina hata kilo. Mimi peke yangu nimeshalipunguza hilo lori."

Abbashar hakucheka. Paipu haikuwepo begani lakini bega lilikuwa linaiwaza. Kutoka pale mpaka bandani ni umbali wa kutupa jiwe mara chache. Angeweza kuingia mbele ya lori kama alivyoingia mbele ya malori ya watu wengine maisha yake yote. Angeweza.

Hajja Batul akamshika mkono. Alikuwa amejitanda nguo nyeupe yenye ukingo wa zari, anakaribia kupanda gari dogo la jirani. Akamsemesha kwa sauti ndogo ili wasisikie.

"Baba, acha leo. Utajichafua. Umevaa vizuri nikakuona kama baba yako. Leo usiwe fundi, uwe kaka wa bwana harusi. Usimuudhi mjomba wako. Kwa ajili yangu."

Akaacha.

Alimwomba mjomba kitu kimoja tu: aende pole pole kwenye lami. Mjomba akampiga begani, akasema kwani alianza kuendesha jana. Abbashar akapanda bodini, akasimama nyuma kabisa, juu ya matairi ya kulia.

Kwa kipande cha mwanzo Karamallah alikwenda pole pole kweli. Mungu ni shahidi, alijitahidi. Lakini vijana walikuwa na pikapu zao, na kwetu kwenye seera gari la bwana harusi halipitwi. Likipitwa ni dharau, watu wataongea mwaka mzima kwamba bwana harusi wa Um Ruwaba alipelekwa kama gunia la mkaa. Pikapu ya kwanza ikaja ubavuni, vijana wanacheka, wanapunga mikono. Wanawake juu ya lori wakapiga kelele: "Karamallah! Karamallah! Utapitwa na watoto?" Medina akapandisha ngoma. Mjomba akakanyaga mafuta.

Abbashar akasikia harufu.

Harufu ya mpira unaoungua anaijua kuliko harufu ya chakula cha mama yake. Ilikuja kwanza nyembamba, ikachanganyika na sandali na jasho na kondoo, ikapotea, ikarudi nzito. Akainama kwenye ukingo. Nyuma matairi hukaa mawili mawili; la nje halikuwa na kitu, linazunguka tu, lakini ubavu ulikuwa unacheza kama tumbo la mtu anayekimbia.

"Simamisheni! Shangazi, mwambieni asimame!"

"Nini? Imba, bwana!"

Akaanza kuwapenya watu kwenda mbele. Akakanyaga mikono, akakanyaga sahani, mtu akamtukana, mwingine akamkumbatia akidhani anataka kucheza. Akafika nyuma ya kebini, akapiga bati kwa ngumi zote mbili. Akapiga, akapiga. Na wote waliokuwa karibu naye wakaona raha, kaka wa bwana harusi, yule mkali asiyecheka, hatimaye kachangamka. Nao wakapiga bati pamoja naye. Medina akafuata na ngoma. Mjomba ndani akasikia, akajibu kwa honi, pa-pa, papapa, sawasawa na mpigo. Na Tayfur akatoa mkono na kifua chote nje ya dirisha, akainua fimbo juu, akampungia kaka yake, meno yote nje.

Akasema kitu. Upepo ukakichukua. Abbashar hadi leo hajui alisema nini.

Tairi la ndani ndilo lililopasuka kwanza. Mlio kama bunduki. Mwenzake, lile la nje, likabeba peke yake kwa muda wa pumzi moja, nalo likaenda. Lori likakaa upande wa kulia, na lile lundo la watu waliosimama likaegemea huko huko, na lilipoegemea hakuna usukani duniani ungelirudisha. Likatoka kwenye lami, likashuka kwenye tuta, likalala ubavu. Kulia. Upande wa dirisha la Tayfur.

Wengi walirushwa kwenye mchanga na mchanga ukawapokea. Walivunjika mikono, miguu, Medina alivunjika nyonga, na wote wakapona kwa kadiri ya kupona. Tayfur hakupona. Abbashar aliinuka na damu machoni, akazunguka mbele, akaona ule mkono wenye hina umetoka chini ya bati. Akaushika. Akaanza kuchimba kwa mikono, kama anachimbua lori lililokwama, na alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Subiri, subiri kidogo, natoa mchanga." Watu walipokuja kumwondoa aliwapiga.

Lile gari dogo lilikuwa linakuja nyuma. Hajja Batul aliteremka mwenyewe na kutembea mwenyewe. Hakupiga kelele. Akaivua ile nguo aliyojitanda yenye ukingo wa zari, akamfunika.

Chakula kilichopikwa kwao Rawda kikaliwa msibani. Wale wale kondoo waliobaki hai wakachinjwa kwa waombolezaji. Na Rawda, ambaye alishafungishwa nikahi, ikabidi akae eda. Mjane wa mtu ambaye hakunywa naye hata kikombe kimoja cha chai. Wakamvisha nguo nyeupe ya mfiwa isiyo na rangi. Hina ya harusi ilikuwa bado miguuni, nyeusi, mbichi, na hina huwezi kuifuta, unaisubiri iondoke. Akaketi chumbani anaitazama miguu yake wiki baada ya wiki. Dada zake wanasema siku hina ilipotoka kabisa ndipo alipolia kwa sauti.

Msibani watu wakasema yanayosemwa. Siku yake ilifika. Ajali haina kinga. Kisha Karamallah, kichwa kimefungwa bandeji, akaanza kusema tairi lilikuwa bovu. Kauziwa tairi bovu, mpira wa siku hizi si mpira, ni biskuti. Wanaume wakatikisa vichwa. Wakamgeukia Abbashar, maana yeye ndiye anayejua.

Abbashar alishaliona tairi. Alirudi peke yake barabarani kulitafuta, akalifungua. Ndani ya ubavu kulikuwa na unga mweusi umezunguka tairi zima, na nyuzi zimekatika kwa mstari mmoja, kama waya uliokunjwa sana. Tairi lilikuwa zima kama lako na langu. Lilikosa upepo, basi.

Mdomo wake ulishafunguka. Alikuwa tayari kumwaga yote mbele ya wanaume wote wale, amwaibishe mjomba, wapigane pale pale kwenye mikeka. Halafu akasikia kupitia ukuta wa matete sauti ya mama yake upande wa wanawake. Mtu alikuwa anamuuliza ilikuwaje, naye anajibu, "Mungu kataka. Tairi lilikuwa bovu. Ingekuwa ni upepo, Abbashar angejua."

Sasa wewe ungesemaje? Ukisema ukweli, unamwambia mama yako aliyekushika mkono akakwambia acha leo, kwamba ule mkono ndio uliomzika mwanawe.

"Tairi lilikuwa bovu," akasema Abbashar.

Akasema hivyo, na ikabidi aendelee kusema. Kila dereva aliyekuja bandani kumpa pole, "tairi lilikuwa bovu." Mjomba aliamini kabisa, akapata usingizi, akanunua matairi mapya, akawa anayasifu hapo hapo bandani mbele ya Abbashar huku Abbashar anayajaza. Hasira yake yote, ile iliyokuwa inasimamisha malori, ikarudi ndani ikawa inamla mwenyewe. Aliendelea kuuliza umebeba nini, unaenda wapi, lakini alikuwa anauliza akiangalia chini. Dereva akibisha, alimwachia. Wakasema Abbashar katulia, kakua, kaacha ukichaa. Wajinga.

Na jambo baya kuliko yote: msimu wa harusi ukirudi, malori ya seera yalikuwa yanatoka mchangani na matairi yamelala, yanapita mbele ya banda yamejaa watu na ngoma, hayasimami. Angesimama mbele yao angewaambia nini? Wangemuuliza, si ulisema lilikuwa tairi bovu? Letu zima.

Alikuwa anazima kompresa, anaingia ndani ya banda, anakaa mpaka ngoma iishe kusikika. Halafu anatoka na kusikiliza barabara.

Miaka ikapita, Hajja Batul akafariki kwa ugonjwa, kitandani kwake, kichwa mapajani mwa Abbashar. Dakika za mwisho alikuwa anamwita Tayfur, na Abbashar alikuwa anamjibu, "Naam, yumma."

Siku ya kumaliza matanga, wanaume wamekaa, chai inazunguka, Abbashar akasimama. Hakuwahi kusimama kuhutubia watu maishani. Akasema:

"Tairi la Tayfur halikuwa bovu. Lilikosa upepo. Lilikuwa na upepo wa mchangani, wa lori tupu, tukalipandisha lami na mtaa mzima juu yake. Nilijua. Nilikatazwa kuhesabu, nikakubali. Nilikuwa nanyamaza kwa ajili ya mtu mmoja, na yeye leo hayupo. Nimemaliza."

Karamallah akawa kama kapigwa kibao. "Unaniambia leo? Miaka yote hii unaniambia leo?"

"Leo."

"Kwa hiyo nimemuua mimi?"

"Tumemuua wote, mjomba. Mimi ndiye niliyekuwa na paipu."

Mzee akalia, akaondoka bila viatu. Na watu wengine? Walishika vikombe vyao vya chai. Mmoja akasema Mungu amrehemu. Mwingine akasema mambo ya zamani hayafukuliwi. Imam akasoma Fatiha, ikaisha.

Mwezi huo huo ikapita seera. Abbashar safari hii hakuingia ndani. Alisimama katikati ya barabara na paipu mkononi, akapaza sauti, "Shukeni! Mko wangapi? Shukeni nijaze!"

"Masha-Allah semeni!" wanawake wakapiga kelele. "Anatuhesabu!"

"Mnapasuka! Matairi yamelala!"

"Bwana, tupishe, wakwe wanasubiri!"

"Huyu ndiye yule wa mdogo wake. Maskini, kichwa kimegoma."

Dereva akakata kona, akapita pembeni ya kompresa, akampaka vumbi. Wakafika salama. Kesho yake wakarudi, wamekaa juu wanaimba, na walipopita bandani wakamtia kwenye wimbo, fundi mchawi wa kuhesabu watu, wakacheka. Yeye alikuwa anawatazama mmoja mmoja, midomo inatembea. Alikuwa anawahesabu, aone kama wamerudi wote.

Sasa nyie mnaosoma, msiniambie pole. Pole tumeshiba. Harusi ijayo mtapanda lori, nyie au mama zenu. Kabla halijaondoka, shukeni chini. Mwambieni dereva mko wangapi, kwa mdomo, kwa namba, na vitu vyenu vina uzito gani. Jicho halipasui tairi. Akikataa kupita kwa fundi, chomoeni ufunguo wa lori. Akiwa ni mjomba wenu, chomoeni ufunguo hivyo hivyo. Bwana harusi akichelewa, achelewe.